Kutoka mali kauli hadi meseji ya muamala

Kwenye soko la samaki la Deep Sea hapa Tanga, mchuuzi anaweza kuondoka asubuhi na ndoo ya vibua bila kutoa hata senti. Amechukua kwa mali kauli, atalipa jioni akishauza. Dalali hana karatasi mkononi, lakini hakubahatisha. Anajua mchuuzi yule anakaa barabara ya ngapi pale Ngamiani, ni mtoto wa nani, na mara ya mwisho alilipa vipi. Akikimbia deni leo, kesho hana pa kununulia samaki.

Sasa mchuuzi analipa kwa simu. Dalali anasoma "Umepokea Sh 85,000", anatia simu mfukoni, anageukia mteja mwingine. Katika kazi yangu ya kutoa elimu ya huduma za fedha, malalamiko mengi ninayoyapokea yanaanzia hapo: meseji ilikuja, pesa haikuja.

Meseji feki ni maandishi tu. Mtu ananakili meseji halisi, anabadilisha kiasi na jina, kisha anaituma kwa namba ya kawaida. Ile ya kweli huingia kwa jina la huduma, chini ya meseji zako za zamani za miamala. Ila simshauri mtu mwenye mikono ya magamba, na foleni inamngoja, aanze kuchunguza herufi. Angalia salio, basi. Pesa kama imeingia, utaiona.

Wengi wanalijua hili na bado hawalifanyi, kwa sababu wanaona haya. Kuangalia salio mbele ya mteja ni kama kumwambia hujamwamini, na sisi watu wa pwani tumelelewa kwamba kumtilia shaka mtu unayemjua ni kumvunjia heshima. Naielewa haya hiyo; hata mimi imewahi kunigharimu. Lakini anayehojiwa pale si mteja. Ni ujumbe, na ujumbe hauna ukoo wala barabara ya Ngamiani. Dalali mmoja amelimaliza kwa kusema "ngoja niangalie salio" kwa kila mtu, hata kwa shemeji yake, na siku hizi hakuna anayenuna.

M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, wengi tulikuwa bado tunatuma pesa Lushoto kwa bahasha, mkononi mwa kondakta wa basi. Bahasha ikipotea, ulijua pa kwenda kudai: stendi. Anayekutumia "ile hela tuma kwenye namba hii" hana stendi. Hakujui, wala hajui kama una mpango wa kutuma hela. Ametuma ujumbe uleule kwa watu wengi mno, akitumaini kwamba miongoni mwao yupo aliyeahidi kodi au ada siku hiyohiyo. Huyo ndiye anayedhani kajuliwa. Ujumbe wa namna hiyo usiujibu; upeleke 15040, namba ambayo TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, imeitenga kwa ajili hiyo, pamoja na namba iliyokutumia. Kuhusu kodi, mpigie mwenye nyumba kwenye namba uliyonayo siku zote. Na anayejiita huduma kwa wateja akikupigia kwa namba yoyote isiyo 100, kata simu.

Watu huniuliza: si laini zote zimesajiliwa kwa alama za vidole tangu 2019? Zimesajiliwa, lakini kwa vidole vya nani? Yupo aliyeambiwa "weka kidole tena, haikusoma", kumbe laini ya pili inafunguliwa kwa jina lake. Bonyeza *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda ofisi ya mtandao husika ikafutwe.

Kuhusu kampuni zenyewe nitasema kwa ufupi. Pesa unayoiona kwenye simu imehifadhiwa benki, katika akaunti ya amana iliyotengwa na fedha za kampuni, na msimamizi ni Benki Kuu. Kwa upande huo sina wasiwasi mkubwa.

Wasiwasi wangu ni kwa wazee. Katika kikao kimoja kule Sahare, mvuvi mmoja wa makamo ya babu yangu alisema hajui kusoma, hivyo namba yake ya siri anayo wakala, na mjukuu pia anayo. Nilimwambia wakala anaweza kumsaidia kwenye menyu, lakini zile tarakimu 4 azibonyeze yeye. Akauliza atazijuaje. Nikamwuliza gizani fundo la nyavu analijuaje. Akacheka, akanyoosha kidole gumba. Tulimbadilishia namba ya siri palepale, na kabla ya kuigusa simu tena tulifanya mazoezi kwenye kikokotoo changu, mara sita. Mara ya saba alikataa nisimwangalie.