Nyaraka za ajira zilizochukuliwa na wapelelezi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Tangu Aprili 2017, Serikali ilipotangaza Dodoma kwamba watumishi 9,932 wamebainika kuwa na vyeti vya kughushi, mtumishi wa umma Tanzania hahitaji kukumbushwa uzito wa karatasi. Barua ya ajira, barua ya kuthibitishwa kazini, barua za kupanda cheo, vyeti vya shule: kazi yote ya maisha imekaa humo. Sasa karatasi hizo zikichukuliwa na polisi au TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, kwa ajili ya upelelezi, mwenye nazo huanza kuishi kwa maneno ya korido, na mengi kati ya hayo yanampoteza.

“Nikishinda kesi, zitarudi zenyewe”

Dhana hii ndiyo inayoumiza zaidi, kwa sababu anayeiamini hukaa nyumbani akisubiri.

Kuachiwa huru kunakuondolea mashtaka. Hakukupi karatasi zako. Nyaraka zilizopokelewa mahakamani kuwa vielelezo ziko mikononi mwa mahakama, na zinatoka kwa amri ya mahakama. Hakimu akimaliza kusoma hukumu bila kugusa vielelezo, huo ndio wakati wa wewe au wakili wako kusimama na kuomba amri ya kurejeshewa, ukizitaja nyaraka kwa namba zake za vielelezo. Upande wa mashtaka unaweza kuomba zibaki kwanza hadi muda wa rufaa upite. Mkurugenzi wa Mashtaka ana siku 30 za kutoa kusudio la kukata rufaa na siku 45 za kuileta rufaa yenyewe, kwa hiyo ombi hilo si hila dhidi yako. Muda huo ukiisha bila rufaa, andika barua mahakamani upya.

Usikae mno, lakini. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inasema kielelezo kisichodaiwa na mwenye haki nacho ndani ya miezi 12 tangu shauri au rufaa yake kumalizika, mahakama inaweza kuamuru kiuzwe, kiharibiwe au kiondolewe kwa namna nyingine. Barua yako ya kuthibitishwa kazini haina mnunuzi.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawaambiwi. Si kila kilichochukuliwa hufika mbele ya hakimu. Wapelelezi wanaweza kubeba boksi zima, kisha mahakamani zikatolewa barua tatu tu. Zilizobaki hazikuwahi kuwa vielelezo vya mahakama, na amri ya hakimu kuhusu vielelezo haizigusi. Ziko kwa mtunza vielelezo wa kituo au wa ofisi iliyopeleleza, na huko ndiko zinakodaiwa: kwa barua kwa mkuu wa upelelezi wa wilaya au wa mkoa, au kwa mkuu wa ofisi ya TAKUKURU iliyozichukua, na nakala kwa ofisi ya mashtaka. Unaweza kumsumbua karani wa mahakama miezi na miezi, na karani wa watu hana kosa. Bahasha yako haijawahi kuingia jengo lile.

Kama jalada limefungwa bila kesi kufika mahakamani, njia ni hiyo hiyo ya barua. Ila Mkurugenzi wa Mashtaka akiwa ameiondoa kesi kwa hati ya kutoendelea na mashtaka, elewa kwamba aliyeachiwa kwa njia hiyo anaweza kushtakiwa tena, na wapelelezi wanaweza kusita kuziachia halisi. Hapo omba nakala zilizothibitishwa wakati mnaendelea kuandikiana.

“Hati ya ukamataji mali ni karatasi yao, mimi nasaini tu”

Hati ile ni yako kuliko ilivyo yao. Sheria inamtaka ofisa anayechukua kitu kwenye upekuzi atoe stakabadhi ya kukiri amekichukua, yenye saini ya mwenye mali au aliyekuwa na mamlaka ya mahali pale, pamoja na saini za mashahidi kama walikuwepo. Tatizo huwa kwenye kilichoandikwa. Nyingine husema hivi: “Faili moja lenye nyaraka mbalimbali za ajira.” Miaka minne baadaye, faili likirudi bila barua ya kupandishwa cheo, utathibitisha vipi kwamba ilikuwemo?

Omba kwa adabu iandikwe kitu kimoja kimoja: barua ya ajira, kumbukumbu namba fulani, ya tarehe fulani, kurasa mbili, halisi. Andikeni neno “halisi” au “nakala” kwenye kila mstari, kwani hilo ndilo litakalobishaniwa siku ya kurudisha. Ofisa makini hatakasirika, maana orodha hiyo inamlinda yeye pia anapoulizwa mahakamani kielelezo kilipita mikono ya nani.

“Faili langu la ajira ni mali yangu, nikabidhiwe mimi”

Nusu ni kweli. Vyeti vyako na barua ulizokuwa nazo nyumbani ni vyako. Jalada binafsi lililotolewa masijala ya ofisi, yaani mahali majalada yanapotunzwa, ni kumbukumbu ya umma, na linarudi kwa mwajiri kwa hati ya makabidhiano, hata kama kila ukurasa unakuhusu wewe. Kwa hiyo katika barua yako tenganisha: hivi nirudishiwe mimi, jalada hili lirudishwe kwa mwajiri. Nakala impelekee ofisa utumishi, ambaye anapaswa kulidai kwa nafasi yake. Wengi hawamshirikishi kabisa, kisha wanashangaa jalada halijulikani liliko.

Likirudi, kazi haijaisha. Lilipokuwa nje, masijala huwa imefungua jalada la muda na kuweka humo barua zilizoingia. Majalada hayo mawili yanatakiwa kuunganishwa na folio, yaani kurasa zenye namba, kupangwa kwa mfuatano. Nenda uulize kama imefanyika. Barua ya nyongeza ya mshahara iliyobaki kwenye jalada la muda ni rahisi sana kusahaulika.

“Bila karatasi halisi, mafao yamekwama”

Hofu hii naielewa, hasa kwa aliyekaribia miaka 60. PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, huhitaji barua za ajira, za kuthibitishwa na za kupanda cheo ili kuhakiki utumishi wako. Lakini ajira yako haiishi kwenye karatasi zile peke yake. Mwajiri alibaki na nakala za barua alizoandika, mshahara umepita kwenye mfumo wa Serikali mwezi kwa mwezi, na michango ina kumbukumbu zake kwenye mfuko. Mwombe mwajiri aandike rasmi kwamba nyaraka halisi ziko kwa wapelelezi, na aambatishe nakala alizothibitisha. Fanya hivyo mapema, kabla ya barua ya kustaafu kufika mezani.

“Toa taarifa ya upotevu, upate nyingine”

Tafadhali, usifanye hivyo. Karatasi iliyochukuliwa kwa saini yako haijapotea, na kuwaambia polisi imepotea ni kutoa taarifa ya uongo, ambayo ni kosa la jinai. Mtu aliyekuwa anaelekea kusafishwa anaweza kujifungulia kesi mpya mwenyewe.

“Aliyetiwa hatiani hana cha kudai”

Anacho. Cheti cha kughushi hakitarudi, hilo halina mjadala. Lakini cheti cha kuzaliwa au barua isiyohusiana na kosa inaweza kuombwa, hata na ndugu aliyepewa mamlaka ya kuipokea.

Na wale wanaonyamaza wakidhani kuuliza ni kuingilia upelelezi: barua ya heshima inayoomba nakala au kuuliza hatua iliyofikiwa haiingilii chochote. Ipeleke na nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Ofisi ikikaa kimya, andika tena kwa ngazi ya juu, ukiambatisha ile yenye mhuri. Kimya kikizidi, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma, na nakala zile zenye mhuri ndizo utakazoombwa uzioneshe.