Nyota Haipimwi Peke Yake

Nuru ya nyota hutueleza mengi: joto lake, elementi zilizomo, hata kasi ambayo nyota inatujia au kwenda mbali nasi. Masi, yaani kiasi cha maada iliyomo, ni ngumu zaidi kuijua, na ndiyo hasa inayoamua nyota itaishi muda gani na itakufaje. Ili kuipata kwa uhakika tunahitaji kitu kingine kinachovutwa na nyota hiyo. Ndiyo maana nyota pacha, mbili zinazozungukana, zina thamani kubwa kwetu.

Chukua Shira, yaani Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote usiku. Mwaka 1844 Friedrich Bessel wa Ujerumani alieleza kwamba haisafiri kwa mstari ulionyooka bali inayumba, kwa hiyo lazima inavutwa na mwenza asiyeonekana. Mwenza huyo alionekana Marekani mwaka 1862 katika darubini ya Alvan Graham Clark. Nyota hizo huzungukana kwa takribani miaka 50, na umbali wa wastani kati yake ni kama mara 20 ya ule wa Dunia na Jua. Kanuni ya Kepler, inayounganisha umbali, muda wa kuzunguka na masi, inatosha hapa: umbali, 20 mara 20 mara 20, ni 8,000; muda, 50 mara 50, ni 2,500; gawanya, unapata takribani 3. Nyota mbili kwa pamoja zina masi ya Jua mara tatu. Kugawana kwake kunaonekana kama watoto wawili kwenye ubao wa kubembea: mzito yuko karibu zaidi na kitovu. Shira yenyewe ina 2, mwenza ana 1, ingawa ukubwa wake ni kama wa Dunia tu.

Nyota pacha nyingi ziko mbali mno kutenganishwa kwa darubini. Tunabaki na kasi zake, zinazosomwa katika nuru, lakini hatujui obiti, yaani njia ya kuzungukana kwake, imeinama kiasi gani kwetu. Obiti tunayoiona kwa ubavu na ile tunayoitazama kutoka juu hazitupi kasi sawa, hata masi zikiwa zilezile. Nyota zinazopatwa, moja ikipita mbele ya nyingine, hutuondolea shaka hiyo. Zisizopatwa zinahitaji njia nyingine.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ulianzia katika utafiti wa shahada ya uzamivu. Mwaka 1974 Russell Hulse, mwanafunzi wa Joseph Taylor katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, alikuwa akitafuta pulsa kwa darubini ya redio ya Arecibo, Puerto Rico, iliyokuwa na sahani ya kipenyo cha mita 305. Pulsa ni kiini kilichobaki baada ya nyota kubwa kulipuka; hujizungusha na kutupigia midundo ya redio kwa utaratibu wa ajabu. Moja ilipiga midundo 17 kwa sekunde, lakini mwendo wake haukutulia. Kwanza Hulse alishuku vipimo. Alipoendelea kupima, badiliko lilijirudia kila baada ya saa 7 na dakika 45: pulsa ilikuwa ikizunguka mwenza.

Tatizo la mwinamo lilibaki palepale, na hapo nadharia ya uvutano ya Einstein ikaingia. Obiti hiyo ni duaradufu iliyobanwa sana, na duaradufu yenyewe inageuka digrii 4.2 kwa mwaka. Kasi ya kugeuka huko hutoa jumla ya masi. Pia midundo huchelewa kidogo pulsa inapokaribia mwenza na kukimbia zaidi, na hiyo ni hesabu ya pili. Hesabu mbili, visivyojulikana viwili: Taylor na wenzake, kwa miaka ya upimaji, walipata masi za Jua 1.44 na 1.39. Kwa namba hizo waliweza kukadiria obiti ingesinyaa kiasi gani kwa kupoteza nishati kupitia mawimbi ya uvutano, yaani mitetemo ya anga yenyewe, na vipimo vikakubaliana. Hulse na Taylor walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1993.

Wanafunzi wetu hawahitaji Arecibo. Mwezi Juni 2022 mradi wa Gaia, darubini ya angani ya Ulaya, ulitoa taarifa za mifumo zaidi ya 800,000 ya nyota zenye wenza, bure mtandaoni. Anayejua hesabu na kuandika programu anaweza kuanza leo, akiwa Dodoma au Kisumu, na mengi humo bado yanahitaji mtu wa kuyachambua moja moja.