Ukuta wa Chokaa Hautaki Saruji: Kurudisha Sura ya Nyumba Kongwe ya Mji Mkongwe

Mwenye nyumba anapotaka nyumba yake ipendeze machoni pa wapita njia, jambo la kwanza linalomjia ni kununua ndoo ya rangi na kumwita fundi. Kwa nyumba ya matofali ya saruji iliyojengwa miaka 20 iliyopita, huenda hilo likatosha. Kwa nyumba ya mawe na chokaa ya Shangani, Malindi, Kiponda au Mkunazini, mitaa ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, iliyosimama tangu enzi za mababu, ndoo hiyo hiyo mara nyingi ndiyo mwanzo wa maradhi. Sisi tunaoshughulika na uhifadhi wa majengo huitwa nyumba ikiwa imekwisha kuharibika, na kwa sehemu kubwa tunachokikuta ni madhara ya matengenezo yaliyofanywa kwa nia njema. Ndiyo maana makala haya yanaanza na ukuta wenyewe, na rangi itafuata baadaye.

Kuta za nyumba hizi zimejengwa kwa vipande vya mawe ya matumbawe vilivyoshikanishwa kwa chokaa na udongo mwekundu, na kwa kawaida unene wake ni nusu mita au zaidi. Chini yake hamna kizuizi cha unyevu kama kinachowekwa katika majengo ya siku hizi, kwa hiyo maji ya ardhini hupanda ukutani mwaka mzima, na yale ya mvua huingia kutoka juu na kutoka pembeni. Waashi wa zamani walilijua hilo na hawakujaribu kuyafungia maji. Waliuvisha ukuta lipu ya chokaa, ambayo ina vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, ili unyevu unaoingia upate njia ya kutoka na kukaushwa na upepo. Ukuta wa namna hii hupumua, na uhai wake wote umo katika kupumua huko.

Saruji huiziba njia hiyo. Ni ngumu kuliko jiwe inalolifunika, haipitishi unyevu ipasavyo, na kwa kuwa ukuta wa chokaa hucheza kidogo kila majira yanapobadilika, lipu ya saruji hushindwa kuufuata na hupasuka nyufa nyembamba kama unywele. Mvua huingilia katika nyufa hizo na haipati pa kutokea. Chumvi iliyomo ndani ya matumbawe na ardhini huyeyuka, hubebwa na maji hadi nyuma ya saruji, na hapo huganda na kuisukuma lipu mpaka ikatoka vipande vipande. Rangi ya mafuta na ile ya plastiki hufanya vivyo hivyo, ila kwa mwendo wa polepole zaidi. Wengi wetu tumeiona nyumba iliyopigwa saruji kimo cha mita moja kutoka chini ili kuficha unyevu, kisha baada ya misimu miwili ya masika unyevu ukaonekana juu ya mpaka wa saruji, mahali ambapo awali palikuwa pakavu. Maji yalikatazwa kutoka chini, basi yakapanda.

Hatari haiishii kwenye sura ya nyumba. Dari na sakafu za ghorofa hushikiliwa na boriti za mikoko ambazo vichwa vyake vimechomekwa ndani ya ukuta. Ukuta unapobaki na maji, vichwa vya boriti huoza gizani, huku sehemu inayoonekana chumbani ikiwa bado nzima. Kwa hiyo mtu anayeuliza namna ya kuipendezesha nyumba yake kwa nje anauliza pia, hata kama hakukusudia, namna ya kuizuia isimwangukie.

Kabla ya kununua chochote, mwenye nyumba asimame mbele ya nyumba yake wakati mvua inanyesha. Atazame maji yanakopita: bati lililotoboka, mfereji wa bati uliojaa majani, bomba lililokatika katikati ya ukuta na kumwaga maji papo hapo, kipoza hewa kinachodondosha matone kutwa kucha juu ya lipu. Mahali ambapo ukuta una doa la kijani au jeusi, chanzo chake kwa kawaida kiko juu yake moja kwa moja. Atazame pia kama kuna mche wa mtini uliochipua kwenye ufa karibu na paa, kwa sababu mizizi yake hupenya kati ya mawe na kuyatenganisha, na mche unaong'olewa ukiwa mdogo huokoa ukuta ambao baadaye ungelazimika kujengwa upya. Kazi hizi za paa na mifereji hazionekani sana barabarani, lakini hakuna lipu wala rangi itakayodumu kabla hazijafanywa.

Baada ya hapo ukuta upimwe kwa mkono. Gonga kwa vifundo vya vidole, hatua kwa hatua, kuanzia chini hadi unapofika. Lipu iliyoshikana na jiwe hutoa sauti nzito na fupi. Iliyoachana nalo hutoa sauti ya mtungi mtupu. Palipo wazi namna hiyo saruji iondolewe kwa nyundo na tindo, taratibu, na mashine za kuchimbua zisitumike kwa sababu mtetemo wake huyalegeza mawe ya ndani. Palipo na saruji iliyong'ang'ania kiasi cha kung'oka na jiwe, ni afadhali iachwe kwa sasa. Ukuta ukishakuwa wazi, uachwe ukauke, ikiwezekana msimu mzima wa kiangazi. Chumvi nyeupe itakayojitokeza juu ya mawe isioshwe kwa maji, kwani maji huirudisha ndani. Ifagiliwe kavu kwa brashi na kuzolewa ikatupwe mbali na nyumba.

Lipu mpya iwe ya chokaa. Chokaa iliyotoka tanurini humwagiwa maji, ikachemka na kutoa mvuke, na kazi hii ifanywe na anayeijua, macho na mikono vikiwa vimefunikwa, kwani huunguza vibaya. Chokaa hiyo huhifadhiwa chini ya maji kwa wiki kadhaa, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika na kushika vizuri. Kipimo cha kawaida ni sehemu moja ya chokaa kwa sehemu tatu za mchanga safi. Mchanga wa pwani usitumike, kwa sababu chumvi yake itaurudisha ugonjwa uleule. Lipu hupigwa kwa tabaka nyembamba, takriban sentimita moja kila moja, juu ya ukuta ulioloweshwa, na hufunikwa magunia yaliyorowa kwa siku kadhaa. Chokaa hukomaa kwa kunyonya hewa ya ukaa polepole, na ikikaushwa na jua kali siku ya kwanza hugeuka vumbi. Hapa ndipo mafundi wengi vijana wanapokosea, na si kosa lao, kwani wamefunzwa saruji, ambayo kesho yake huwa tayari. Wakati unaofaa zaidi kwa kazi hii ni baada ya masika, kuanzia mwezi wa Juni, wakati wa kipupwe, jua likiwa si kali na mvua ikiwa imepungua.

Rangi ni chokaa pia, iliyozimuliwa kwa maji hadi ikawa nyepesi kama maziwa. Tabaka la kwanza halionekani kabisa linapopakwa. Mtu hudhani amepaka maji matupu, kisha likikauka weupe hujitokeza wenyewe. Matabaka manne au matano yanatosha. Anayetaka rangi nyingine aongeze kidogo unga wa rangi ya udongo, manjano au nyekundu hafifu, na achanganye kiasi cha kutosha nyumba nzima kwa mara moja, kwani ni vigumu kuipata tena rangi ileile.

Mlango wa nakshi ndio uso wa nyumba, na kwa maoni yangu hakuna kitu kingine chochote cha nje kinachostahili uangalifu zaidi. Miimo yake imechongwa kwa mkono katika mbao ngumu kama msaji, na kila anayeipitishia mashine ya kusugua au moto wa kuondolea rangi hufuta sehemu ya kazi ambayo haitachongwa tena. Safisha kwa brashi laini na kitambaa chenye unyevu kidogo, ondoa vanishi ya zamani kwa subira, kisha paka mafuta ya kitani kwa tabaka nyembamba. Ubao uliooza chini, karibu na kizingiti, ukatwe peke yake na seremala aunganishe kipande kipya cha mti wa aina ileile. Madirisha ya mbao yenye mabawa yatengenezwe badala ya kubadilishwa kwa aluminiamu na vioo vya kusukuma, ambavyo huzuia nusu ya upepo na hubadili sura ya mtaa mzima.

Baraza nayo isisahauliwe. Ni sehemu ya nyumba ambayo ni ya jirani pia, na mvua inapofurika njiani watu hupita juu yake. Ikarabatiwe kwa mawe na chokaa. Vigae vya sakafu huteleza na huuzuia unyevu wa chini usitoke. Nyaya na mabomba yapangwe pamoja kwenye pembe moja ya jengo, na vipoza hewa vihamishiwe upande wa uani.

Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na kazi yoyote ya kubadilisha sura ya nje ya jengo huhitaji kibali cha Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985. Mwenye nyumba aende mapema, akiwa na picha za kila upande wa nyumba na, kama ipo, picha ya zamani iliyohifadhiwa na wazee wa familia, kwa sababu picha hiyo huonyesha roshani iliyoondolewa au dirisha lililozibwa. Mpangaji asianze kazi kabla ya kuzungumza na mmiliki, iwe ni familia au Kamisheni ya Wakfu.

Fedha zikiwa haba, zitumike kwanza kwenye paa na mifereji, kisha kwenye kuondoa saruji, na lipu ifuate mwaka mwingine. Ukuta wa mawe matupu uliokauka unaweza kusubiri msimu mmoja au miwili bila madhara makubwa, mradi maji ya paa yasiufikie.