Shoti kwenye tundu la nje: kinga yake ni nini hasa?

Abiria wa tuktuk akichomeka simu kwenye tundu la USB pale mbele, anachota umeme wa betri ya volti 12 uliopunguzwa hadi volti 5. Aliyeliunda tundu lile hawezi kujua nani atachomeka nini. Pengine ni simu nzima, pengine kebo iliyotafunwa na panya, pengine ncha iliyolowa maji ya bahari kwenye feri ya Likoni. Vilivyomo ndani ya kifaa fundi ana mamlaka navyo, lakini umeme ukishatoka nje hana tena. Kinga ya shoti ni ule mpaka anaouweka hapo mlangoni, kosa la nje lisipate njia ya kuingia.

Shoti yenyewe ni chanya na hasi kukutana bila mzigo wowote katikati. Hesabu yake ni fupi: volti gawanya kwa ukinzani. Betri ya volti 12 pamoja na nyaya zake zikiwa na omu 0.1 tu, mkondo unafika ampea 120. Waya mwembamba hauhimili hata sehemu ndogo ya huo. Unageuka koili ya jiko, na plastiki yake ndiyo inayoanza kunuka.

Kinga ya zamani ni fyuzi. Ni rahisi na inaeleweka, ila watu huidhania kuwa na mbio isiyokuwa nayo. Fyuzi ya ampea 1 haikatiki mara tu mkondo unapofika ampea 1. Hata ukizidi kidogo inaweza kukaa muda mrefu nzima. Transista, kile kidude kinachoongoza mkondo ndani ya kifaa, haina subira hiyo. Ndiyo maana unafungua kifaa unakuta transista imekufa na fyuzi iko salama salmini. Fyuzi kazi yake hasa ni kuzuia moto. Na ikiungua, kuna watu wanaoizungushia karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara ili kazi iendelee. Nimeshafungua amplifaya ya harusi iliyotengenezwa hivyo, na bodi yake ilikuwa nyeusi kama sufuria ya pilau.

Halafu kuna fyuzi inayojirudi, yaani polifyuzi. Ndani yake kuna plastiki iliyochanganywa na chembe za kaboni zinazogusana. Mkondo ukizidi, plastiki inapata moto, inatanuka, chembe zinaachana, na ukinzani unapanda ghafla. Ukiondoa umeme ikapoa, inarudi, ingawa haifikii kabisa ukinzani wake wa mwanzo. Nzuri, lakini kwa Mombasa ina jambo lake. Ampea zilizoandikwa kwenye karatasi yake zimepimwa kwenye joto la nyuzi 20 na kitu. Mwezi wa Machi huku kwetu nje peke yake kunapita nyuzi 30, sembuse ndani ya boksi lililofungwa linaloshinda juani. Joto likipanda, kiwango inachoweza kubeba kinashuka, kwa hiyo inaweza kukata umeme bila shoti yoyote. Fundi anayeijua pwani huchagua kubwa kidogo.

Njia ya tatu ni saketi inayopima mkondo na kuuzuia yenyewe. Ya kawaida kabisa ni kikinza kidogo (kipande chenye ukinzani uliopangwa) na transista moja ndogo inayoichunga transista kubwa, ile inayopitisha mkondo wa tundu: volti kwenye kikinza zikifika kama 0.6, ndogo inafunguka na kuibana ile kubwa. Kikinza cha omu 0.6 kinakupa kikomo cha ampea 1 hivi. Tatizo ni joto. Tundu likiwa kwenye shoti, karibu volti zote 12 zinabaki juu ya transista kubwa, na kwa ampea 1 hizo ni karibu wati 12 zisizo na pa kwenda. Saketi nyingine hukata kabisa, zikangoja kidogo, zikajaribu tena, na ile tik-tik unayoisikia kwenye baadhi ya chaja ni hiyo.

Lakini kinga isiwe na haraka kupita kiasi. Kifaa kikichomekwa, kapasita zake (vipande vinavyohifadhi chaji) zikiwa tupu huvuta mkondo mkubwa kwa sehemu ndogo tu ya sekunde, na kwa saketi yenye pupa hiyo inafanana na shoti. Saketi nzuri huuachia mkondo huo kidogo kwanza, ndipo iamue.

Kuna jambo moja ambalo kinga zote hizi hazilioni. Hewa ya chumvi inaacha kutu ya kijani kati ya pini za tundu. Ikifikia omu 10, mkondo wake kwa volti 5 ni ampea 0.5 tu, chini ya kikomo; ni kama simu inachajiwa. Ila hizo ni wati 2.5 zinazopikia ndani ya plagi ndogo hadi plastiki inalainika. Hapo dawa ni mswaki mkavu na spiriti, umeme ukiwa umezimwa.