Transista za redio za zamani hazina zebaki nyekundu

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ya Dar: eti transista (vijisehemu vyenye miguu mitatu vinavyokuza mawimbi ya umeme) za redio za zamani zina zebaki nyekundu ya mamilioni. Si kweli. Ndani mna kipande kidogo cha jemaniamu au silikoni na nyaya nyembamba, basi.

Unaweza kupima mwenyewe. Ichomoe transista kwenye saketi, weka maltimita (kipimo cha umeme) kwenye alama ya dayodi, gusa beisi na emita, miguu miwili kati ya mitatu ya transista, kisha badilishana nyaya za maltimita. Upande mmoja jemaniamu husoma takriban volti 0.2 hadi 0.3, silikoni 0.6 hadi 0.7. Ikisoma sifuri pande zote, imepiga shoti; haijaficha mali.

Mkanganyiko unaeleweka. Redio za valvu, yaani zinazotumia mirija ya kioo badala ya transista, zina doa linalong'aa kama zebaki ndani ya kioo, nalo ni bariamu, iliyowekwa kunasa gesi iliyobaki. Doa likigeuka jeupe, hewa imeingia.

Tafadhali usiusambaze ujumbe huo. Vijana wanazivunja redio kwa bisibisi wakati kapasita (vifaa vinavyohifadhi chaji ya umeme) za redio ya valvu zinaweza kubaki na volti zaidi ya 200 hata baada ya kuchomoa umeme.