Mdomo Kwanza, Miguu Baadaye

Hesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane. Sasa rudia, safari hii ukipiga kofi kwa kila silabi. Utaona kila namba inachukua makofi mawili, hakuna inayozidi wala inayopungua. Mo-ja. Mbi-li. Ta-tu. N-ne. Nafundisha michezo na ngoma kwa watoto wa shule ya msingi hapa Bagamoyo, mwaka wa 11 sasa, na minne ya mwanzo ilipita kabla sijaliona jambo hili ambalo liko mdomoni mwa kila mmoja wetu.

Lina uzito kwa sababu mtoto wa miaka 8 au 9 hachezi kwa masikio peke yake. Anacheza kile anachokitamka. Ukimhesabia kwenye mwendo wa mbilimbili, kama gwaride, hesabu inamsaidia: kwenye "mo" mguu unatua, kwenye "ja" goti la pili linapanda. Lakini ngoma zetu nyingi zinabembea kwa tatu. Ukiileta hesabu ileile huko, namba inaligawa pigo mara mbili wakati ngoma inaligawa mara tatu, na mtoto anavutwa huku na huku. Nusu ya darasa inawahi, nusu inachelewa, halafu mwalimu anasema watoto hawa hawana mdundo. Wanao. Tumewapa hesabu isiyo ya ngoma ile.

Somo hili nililipata siku ya wazazi, katika shule niliyofundisha zamani. Ngoma ya shule ilikuwa imechanika ngozi, hivyo tulifanya mazoezi wiki 3 kwa hesabu tupu na makofi. Watoto walikwenda pamoja kama askari, nikaridhika. Siku yenyewe tukaazima ngoma mtaani pamoja na mpigaji wake, mzee mmoja mtaratibu. Alipopiga mapigo ya kwanza, watoto wote 36 wakaganda. Wengine wakajaribu kuhesabu, wakapotea, wakaanza kunitazama. Mzee akanyamaza, akalaza viganja juu ya ngozi, akawaambia, "Wajukuu zangu, iacheni miguu kwanza. Semeni ninavyosema." Akaitamka ngoma kwa mdomo: du-ti-ti, du-ti-ti. Wakaitika mara tano, sita. Mabega yakaanza kwenda bila kuambiwa, kisha miguu ikafuata. Sikuongeza neno siku ile.

Tangu hapo kipindi changu huanza tukiwa tumekaa chini, kivulini, na hakuna anayesimama mpaka ameweza kuisema ngoma. Sauti ya ngoma yenyewe inatosha kwa kuanzia. Tukifika kwenye hatua, natafuta neno, na neno ninalolitegemea zaidi ni "kanyaga". Lina silabi tatu, na Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo linatoka ka-NYA-ga. Kwenye "ka" goti linapanda. Kwenye "nya" unyayo wote unatua mchangani. Kwenye "ga" magoti yanalegea na mwili unazama kidogo. Neno hilo moja linamwambia mtoto afanye nini, afanye lini, na uzito auweke wapi, na anayelitamka ni yeye mwenyewe.

Utamwona mtoto anayekanyaga kwenye "ka". Usimguse mguu. Msogelee umsikilize, mara nyingi utakuta kwa kuchangamka anasema KA-nyaga. Rekebisha neno, uondoke. Ukimgeukia baada ya mizunguko miwili, mguu umeshajipata.

Kuna kosa tunalolifanya kwa nia njema kabisa: kupunguza mwendo mno. Tunadhani polepole ndiyo rahisi. Kwa mapigo 60 kwa dakika, mtoto anabaki juu ya mguu mmoja karibu sekunde nzima, na hapo unampima kusimama kwa mguu mmoja, hujampima kucheza. Mtazame mtoto anavyotembea na mama yake kwenda sokoni: mama hatua moja, yeye mbili. Mwendo wake wa asili ni wa haraka kuliko wetu. Mimi huanzia kwenye mapigo 100 hivi kwa dakika na sishuki hapo. Hatua ikiwa ngumu, naipunguza hatua, mwendo nauacha. Watoto wenyewe wangependa twende na singeli, muziki wa vijana wa mjini, ambao hukimbia mapigo 200 na zaidi kwa dakika. Siwanyimi, ila singeli inakuja mwishoni, kwa hatua moja tu ambayo kila mtu ameshaishika.

Kulia na kushoto ni mtihani mwingine. Mtoto wa darasa la tatu anaijua mikono yake mwenyewe, lakini ukisimama mkitazamana, kulia kwako kuko kushoto kwake. Ama uwape mgongo, ama ukitazamana nao useme "kulia" huku wewe ukienda kushoto, wakuone kama kioo. Chagua moja ubaki nayo mwaka mzima. Tukiwa kwenye mistari, mimi nasema "upande wa bahari" na "upande wa barabara", kwa kuwa uwanja wetu una bahari mashariki na hakuna mtoto wa Bagamoyo asiyejua bahari iko wapi. Kwenye duara maneno hayo hayafai. Hapo kila mmoja anafungwa kipande cha kitenge kwenye kifundo cha mguu wa kulia, afungwe na jirani yake, na tunaita "mguu wa kitambaa".

Duara nalipenda kwa sababu halina mstari wa nyuma ambako mtoto mwenye haya anajificha. Tatizo lake ni hili: watoto wakitazama katikati, kila mmoja anamwiga aliye mbele yake, na aliye mbele yake anaonekana anakwenda upande mwingine. Vurugu huanzia hapo. Kwa wiki mbili za kwanza wafuatane kwenye duara, mmoja nyuma ya mwingine, kila mtoto akiona mgongo wa mwenzake. Wakishashika hatua, wageukie ndani.

Mikono huingia mwisho. Nimeona walimu wakianza na mikono kwa sababu ndiyo inayopendeza kwa wageni, lakini mtoto akipewa mikono mapema huisahau miguu, na miguu ndiyo iliyobeba ngoma. Kwa hatua ndefu nafundisha kutoka mkiani: sehemu ya mwisho kwanza, kisha ile inayotangulia, ili kila akicheza awe anaelekea kwenye kitu anachokijua. Na nabadilisha mapema. Waliosema ngoma ya watoto haikeshi waliwajua watoto. Dakika 12 za jambo moja zikipita, macho yameshahama.

Uchaguzi wa ngoma ni wajibu mzito kuliko tunavyouchukulia. Mji wetu una bahati ya Chuo cha Sanaa kilichoanza mwaka 1981, ambacho tangu 2007 ni TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na watoto hukua wakisikia mazoezi na wakitazama matamasha. Wanaona mengi. Lakini si kila kinachoonekana ni cha shule. Ngoma za unyago zina wenyewe, zina wakati wake na walimu wake, nami sizigusi hata vipande vyake. Mdundiko wa Wazaramo ninautumia kwa lile umbo lake la msafara: watu wanakwenda njiani huku wanacheza, na kutembea ndiyo hatua ya kwanza ya kila mtoto. Bugobogobo ya Wasukuma, inayochezwa na majembe, naifundisha kwa vijiti vifupi, kila mtoto na nafasi yake ya mikono miwili iliyonyooshwa. Kabla ya vijiti nawaambia wanionyeshe mtu analima. Migongo inainama yenyewe, magoti yanapinda yenyewe. Ningesema "inama, pinda magoti" ningepata miti iliyokatwa nusu.

Vifaa si kisingizio. Dumu tupu la lita 20 lililogeuzwa chini juu hutoa sauti inayofika uwanja mzima, na vizibo vya soda vilivyotobolewa na kufungwa kwenye waya vinatosha kwa kayamba. Mtoto asiyesikia vizuri namkalisha karibu na dumu, kiganja juu yake, aipate ngoma kwa mkono kabla hajasimama. Ramadhani waliofunga wanabaki na sehemu ya mdomo na makofi, kivulini, na hawakosi kitu kikubwa maana hiyo ndiyo sehemu yenyewe.

Linaloniuma ni mazoezi ya mashindano. Tunachagua watoto 15 hodari, waliobaki 50 wanakaa chini ya mwembe kuwatazama wenzao. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 kwa siku za mwili kufanya kazi ya kumpandisha pumzi. Kipindi chetu ni dakika 40, na si kila siku. Kwenye ngoma darasa zima linaweza kutoka jasho kwa pamoja bila mpira mmoja wa kugombania, kwa hiyo mtoto aliyekaa chini ya mwembe ameibiwa. Hao 15 wapate muda wao baada ya masomo. Kipindi ni cha wote.

Hatua mpya naifundisha Jumatatu, siirudii mpaka Alhamisi. Ikilaliwa usiku mbili tatu hukaa vizuri zaidi kuliko ikilazimishwa siku moja. Alhamisi nikifika uwanjani sigusi dumu wala sisemi hatua ilikuwaje. Nawakalisha kivulini, nanyamaza, nangoja. Kwanza vicheko, kisha mmoja anaanza chinichini, ka-nya-ga, ka-nya-ga, jirani yake anadakia, na kabla neno halijafika upande wa pili wa duara, vidole vya miguu vimeshaanza kuchimba mchanga.