Marathoni ya jangwani: mnayoamini na niliyoyaona mwenyewe

Tangu nirudi Kigoma kutoka Sahara Marathon naulizwa maswali yale yale kila nikipita soko la Mwanga au nikishuka Ujiji kwa mama, na mengine wala si maswali, ni mtu ambaye hajawahi kufika anakuhadithia wewe uliyefika jinsi jangwa lilivyo. Kwenye grupu letu la jogingi ndo usiseme. Nimeamua kuandika yote sehemu moja maana kuna wenzangu wawili wameshaanza kudunduliza nauli, na baadhi ya vitu wanavyoviamini vinaweza kuwaumiza kweli.

Kinachosemwa sana ni "we dada si ungekufa, ile si ndo ya siku saba watu wanapotea?" Hapana, hiyo ni nyingine. Inaitwa Marathon des Sables, iko Moroko, ilianza 1986 na mwanzilishi wake ni Mfaransa Patrick Bauer, ambaye miaka miwili kabla alikuwa ametembea peke yake kilomita 350 kwenye Sahara ya Algeria. Ile inafika kama kilomita 250, zimegawanywa kwa siku, unabeba chakula chako mwenyewe cha kalori zisizopungua 2,000 kwa kila siku, begi la kulalia, dira, filimbi, kioo cha kumulikia ukihitaji msaada, yani begi linaanzia kilo sita na nusu, na wao wanakupa maji na sehemu ya kulala basi. Mimi nilikimbia marathoni ya kawaida, kilomita 42.195, asubuhi unaanza na siku hiyo hiyo unamaliza, na njiani kuna vituo vya maji. Inafanyika kusini magharibi mwa Algeria karibu na mji wa Tindouf, kwenye kambi za wakimbizi wa Sahara Magharibi, na ilianza 2001. Kwaiyo mtu akikwambia "marathoni ya jangwani" muulize kwanza ipi, maana maandalizi yake hayafanani hata kidogo.

Ila hilo la kupotea lina chanzo chake. Mwaka 1994 Muitaliano Mauro Prosperi alikutwa na dhoruba ya mchanga kwenye ile ya Moroko, akaendelea kukimbia badala ya kusimama akasubiri ipite, vumbi linatulia hana njia wala mtu, akaja kuonekana baada ya siku kama tisa hivi akiwa ameshaingia Algeria. Alipona. Mi nilichojifunza hapo ni kitu kimoja, dhoruba ikianza unasimama, unageuza mgongo, unafunika pua na mdomo, unakaa hapo hapo. Anayepotea ni yule anayetembea wakati haoni.

Sasa tuje kwenye mchanga, hapa nataka nikae kidogo maana mimi mwenyewe nilikosea. Kila mtu anajua jangwa ni mchanga, si ndiyo? Basi miezi mitatu nikawa nateremka Kibirizi alfajiri kabla ya wauza dagaa hawajajaa, nakimbia kwenye mchanga pembeni ya ziwa, najiona nimeiva. Nimefika kule nakuta sehemu kubwa ya njia ni mawe. Mawe madogo madogo meusi na ya kahawia yametandazwa kwenye ardhi ngumu mpaka macho yanapoishia, wenyewe wanaiita hamada. Sahara yote kwa ujumla mchanga ni kama robo tu, inayobaki ni mawe, kokoto, udongo mgumu na milima. Yale mavilima ya mchanga tunayoyaona kwenye picha yapo, ila ni sehemu tu. Na hata pale penye mchanga, mazoezi yangu hayakunisaidia kama nilivyotegemea, kwasababu mchanga wa kando ya ziwa umelowa, umeshikana, mguu unasukuma na unarudishiwa nguvu. Mchanga mkavu unakunywa ile nguvu yote, unapiga hatua moja unapewa nusu. Mwenyeji mmoja aliyekuwa anakimbia nusu marathoni alinionyesha namna ya kupita, hatua fupi, usisukume kwa vidole, na uangalie rangi ya ardhi, pale penye kokoto kidogo juu au ambapo upepo umepiga mistari panakuwa pagumu kuliko pale palipolala laini na kung'aa. Nilivyoanza kumfuata pumzi ilirudi.

Kwaiyo anayetaka kwenda, nenda zako ile barabara ya vumbi yenye kokoto ukielekea vijijini, panda mlima shuka mlima, izoeshe nyayo na vifundo. Raba chukua kubwa nusu namba au namba nzima kuliko unayovaa siku zote, miguu inavimba kwenye safari ndefu na joto. Mimi fundi cherehani wa Ujiji alinishonea vifuniko vya kitambaa cha mwavuli, vinaanzia kwenye kiatu mpaka juu ya kifundo, mchanga usiingie. Wengine waliokuwa hawana nimewaona wanakaa chini kila baada ya muda kukung'uta viatu, na kilichowatoa machozi siku ile ni malengelenge, wala sio jua. Lengelenge linakuja ngozi ikisuguliwa huku ina unyevu, ukiongeza na punje za mchanga ndani ya soksi umemaliza.

"Joto lake je, si mlikuwa mnaungua?" Mbio zinafanyika mwezi wa pili, huo ni msimu wao wa baridi. Mchana jua kali lipo ila ukilinganisha na Tabora mwezi wa kumi wala huwezi kushangaa. Kilichonishangaza mimi ni usiku, nilifunikwa mablanketi mawili mazito na bado natetemeka, asubuhi kwenye mstari wa kuanzia watu wamevaa majaketi wanarukaruka kupasha miguu. Hewa kavu na anga lisilo na mawingu haliwezi kulishika joto, jua likizama ardhi inalitoa lote linapanda juu. Sisi huku ziwa na unyevu vinatutunzia joto la usiku ndo maana tunalala na shuka moja. Lakini naomba nisieleweke kwamba joto la jangwani ni hadithi, kuna mwaka ile ya Moroko ilisogezwa mpaka mwezi wa kumi kwa ajili ya korona, 2021, joto likawa kali sana na magonjwa ya tumbo yakaingia kambini, karibu nusu ya wakimbiaji hawakumaliza na mmoja alifariki. Mwezi unaochagua kwenda una maana kubwa kuliko jina la jangwa.

Na wanaosema jangwani hakunyeshi mvua, inanyesha! Mwezi wa kumi 2015 mvua ilipiga kambi hizi hizi nilizokimbia, nyumba za udongo zikayeyuka kwa maelfu.

Haya, jasho na maji. Hili ndilo lililonifanya niandike, yale mengine yote yangeweza kusubiri. Watu wanasema jangwani hutoki jasho, na ushahidi wao ni kwamba aliyekimbia kule anakwambia fulana yangu ilikuwa kavu. Ni kweli yangu ilikuwa kavu. Kilomita ya 25 nikapitisha mkono usoni nikahisi chenga chenga, nikadhani mchanga, nikaonja, chumvi, uso mzima umekauka chumvi kama dagaa waliosahaulika kwenye kichanja. Jasho lilikuwa linatoka muda wote, hewa ni kavu kiasi kwamba linakauka kabla hujaliona. Huku kwetu mwezi wa pili hewa imeshiba maji, jasho linachuruzika mpaka kwenye viatu na bado mwili haupoi vizuri, kwasababu kinachopoza ni lile jasho kukauka kwenye ngozi, likidondoka chini halijakusaidia kitu. Kule linapoza vizuri sana ila linakudanganya, unajiona uko sawa kumbe unapoteza maji na chumvi nyingi.

Alafu kutoka kwenye uongo huo watu wanaruka moja kwa moja kwenye mwingine wa upande wa pili, "basi kunywa maji mengi uwezavyo, kila kituo maliza chupa." Ushauri huu niliambiwa na mtu ninayemheshimu sana, aliyenifundisha kukimbia, na ni hatari. Maji matupu yakizidi kile mwili unachoweza kukitoa, chumvi ya kwenye damu inazimuliwa, seli zinavimba, na ubongo ukivimba hauna pa kwenda. Boston Marathon ya 2002 watafiti walipima damu za wakimbiaji 488 baada ya kumaliza, asilimia 13 walikuwa na sodiamu iliyoshuka chini ya kiwango, na dalili kubwa iliyowatenganisha ni kwamba walikuwa wameongezeka uzito njiani. Fikiria mtu akimbie kilomita 42 amalize ana uzito zaidi ya alioanza nao! Ubaya wake dalili zinafanana na za mtu mwenye kiu kali, kichwa kinauma, kichefuchefu, anachanganyikiwa maneno, kwaiyo wenzake wanakuja mbio na chupa nyingine ya maji wakidhani wanamwokoa. Angalia pete na saa yake, kama vidole vimevimba na tumbo linacheza maji, usimpe maji, mpeleke kwa daktari.

Mi nilikunywa nilipohisi kiu, mafunda kadhaa kila kituo, na mfukoni nilikuwa na karanga za kukaanga na chumvi nilizotoka nazo nyumbani pamoja na tende za mwenyeji wangu. Na wiki mbili kabla ya safari nilikimbia saa nane mchana kila siku kama saa moja hivi, Mwanga kwenda Ujiji, bodaboda wananisimamishia "mwalimu kuna tatizo?" Hakukuwa na tatizo, mwili ukizoeshwa joto kwa siku saba mpaka kumi na nne unaanza kutoa jasho mapema zaidi, damu inaongeza sehemu yake ya maji, na jasho lenyewe linapungua chumvi. Hilo linawezekana hapa hapa bila hela yoyote.

Kuna wanaosema "sisi wa Afrika Mashariki tungeenda tungewafunga wote." Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu ametuletea dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo 2025 na mimi nililia kama wengine, ila jangwani ni habari nyingine. Ile ya Moroko Lahcen Ahansal ameshinda mara kumi, mdogo wake Mohamad mara tano, watoto wa huko huko jangwani. Wanaisoma ile ardhi kama wavuvi wetu wa Katonga wanavyolisoma ziwa usiku.

"Hakuna cha kuangalia, si patupu?" Hapa sijui nianzie wapi. Huku kwetu kilima kinakuficha kilichoko mbele, unakimbia unagundua. Kule unaviona vijumba vya kambi inayofuata mapema kabisa, unasema nimefika, unakimbia nusu saa viko pale pale, nusu saa nyingine viko pale pale, hakuna mti wala mlima wa kukupimia umbali. Mara ya kwanza iliniumiza roho. Baadae nikaacha kuangalia mbele nikawa naangalia mwanga, ardhi asubuhi ilikuwa ya bluu, ikawa ya waridi, ikawa nyeupe, na upepo ukinyamaza unasikia raba zako tu na pumzi yako. Nimekimbia miaka tisa sijawahi kusikia pumzi yangu hivyo.

Na mwisho lile la kambi, "mnaenda kukimbia kwenye shida za watu?" Sisi wa Kigoma hili tunaliuliza kwa sababu tunajua, tuna kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu tangu 1996, na Warundi walianza kuja kwetu muda mrefu kabla ya hapo. Wasahrawi, yani hao watu wa Sahara Magharibi, wako pale tangu 1975 na 1976, Mhispania aliyekuwa anawatawala alipoondoka nchi yao ikaingia vitani, na kambi wamezipa majina ya miji waliyoiacha. Mbio zinaanzia El Aaiún, zinapita Auserd, zinaishia Smara, yani mtoto aliyezaliwa kambini anakimbia kwenye majina ya kwao ambako hajawahi kukanyaga. Mbio wanaziandaa wao pamoja na marafiki zao wa nje, ili wasisahaulike. Sikulala hotelini, wakimbiaji tunagawiwa kwenye familia. Wanawake ndio walioziendesha kambi zile miaka yote ya vita wanaume wakiwa mstari wa mbele, na wanaojiuliza kama mwanamke anaweza jangwani waje waone akina mama waliovaa melhfa, lile vazi refu la kujifunga mwili mzima, wanavyopiga vigelegele ukiingia Smara, mwanamke akipita vinapanda mara mbili.

Mama mwenyeji wangu alinikaribisha kwa salamu tunayoijua wote, ila baada ya hapo Kiarabu changu cha madrasa ya Ujiji kiliisha, yeye anaongea Kihassania, Kiarabu cha kwao, na Kihispania. Binti yake akawa anatusaidia kwa ishara na simu. Alinimiminia chai kutoka juu mpaka povu likajaa glasi, na unakunywa glasi tatu, ukiinuka kabla ya ya tatu umemkosea. Kwao maji yanaletwa na malori ya matenki, yanajazwa kwenye tangi la nje ya nyumba na yanatunzwa kwelikweli. Kwenye glasi ya pili akaniuliza kwetu kukoje, nikamwonyesha picha ya ziwa Tanganyika nikamwambia lina urefu wa kilomita 673, na kina kinazidi mita 1,400. Akaikuza ile picha kwa vidole, akaiangalia sana, akauliza ni ya chumvi? Nikamwambia hapana, ni ya kunywa. Akanyamaza. Nikaona nimwambie na ukweli mwingine, kwamba mtaani kwetu bomba likikata tunanunua maji kwa dumu na ziwa tunaliona pale chini. Binti alipomaliza kumtafsiria akacheka mpaka akajifuta machozi na ncha ya melhfa, akanishika mkono, akamimina glasi ya tatu.